Santuri moja tu: Led Zeppelin IV, Machine Head au Dark Side of the Moon?

Kongwe_wa_Gitaa
Wakuu, salaam. Bendi hizi nazisikiliza tangu enzi za kanda, zile za kunakiliwa mtu kwa mtu mpaka sauti inakuwa kama inatoka chini ya maji. Sasa ndugu yangu anarudi kutoka London na amekubali kunibebea santuri moja. Moja tu, begi limejaa. Zimebaki tatu: Led Zeppelin IV (1971), Machine Head ya Deep Purple (1972) na Dark Side of the Moon ya Pink Floyd (1973). Zote nazijua kwa moyo, kwa hiyo uzuri wake hatubishanii. Nataka kujua ipi inafaidika zaidi ikipigwa kwenye santuri kuliko kwenye simu. Anakwenda dukani Ijumaa.

Sindano_Kali
Mkuu, hujasema unapigia nini. Mashine gani? Sindano gani? Spika zipi? Santuri mpya au mtumba? Bila hayo tunapiga ramli.

Baba_Neema_Moro
Dark Side, na usiumize kichwa. Ile albamu ni kipande kimoja kirefu, inaanza na mapigo ya moyo na kuisha na mapigo ya moyo. Kwenye simu watu wanaikata, wanaruka hiki na kile. Kwenye santuri unakaa chini mpaka upande uishe. Halafu ile The Great Gig in the Sky! Mwimbaji Clare Torry aliitwa studio ya Abbey Road, akaimba bila neno hata moja, akalipwa pauni 30 akaondoka. Ilibidi afungue kesi mwaka 2004 ndipo jina lake likaingia kwenye watunzi wa wimbo. Kila nikiisikia ile sauti naona alidhulumiwa miaka yote hiyo.

Otieno_Riff
Buda, Machine Head. Hao jamaa walienda Montreux, Uswisi, Desemba 1971 kurekodi kwenye kasino. Usiku wa shoo ya mwanamuziki Frank Zappa mtu akarusha fataki ndani, kasino yote ikateketea. Wakahamia ukumbi mwingine, majirani wakalalamika kelele. Mwishowe wakajibana kwenye korido za Grand Hotel, hoteli imefungwa kwa sababu ya baridi, wakaziba kuta na magodoro. Na bado wakatoa wimbo kama Highway Star! Jon Lord na Ritchie Blackmore wanakimbizana, kinanda na gitaa, hakuna anayekubali kuachwa. Hiyo ndiyo rock. Dark Side ni ya watu wanaotaka kulala.

Baba_Neema_Moro
Kulala? Sikiliza saa zinavyolipuka mwanzo wa wimbo wa Time halafu urudi hapa useme umelala.

Mpemba_Muscat
Assalaam alaykum. Mie nashangaa orodha nzima Queen haimo. A Night at the Opera, 1975. Mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Tunaomjadili huyu ni mtoto wa nyumbani, na ndani ya wimbo wao Bohemian Rhapsody mna Bismillah inaimbwa wazi wazi. Dakika 5 na sekunde 55, wakati redio za Uingereza zilitaka nyimbo za dakika tatu. Sauti zile wamezipanga wenyewe, watu watatu wakirudia na kurudia. Ukiniuliza mie, bwana, hakuna cha kushindana nayo.

Otieno_Riff
Lakini familia yao ilihamia Uingereza 1964, na umaarufu aliupatia huko. Tunaweza kumdai kweli?

Mpemba_Muscat
Mtu hazaliwi mara mbili, ndugu yangu. Piano alianza kujifunza utotoni, kabla hajaiona London. Na sisi tulio Muscat, tulioondoka Unguja na Pemba mwaka ule ule wa 64, tumekuwa si Wazanzibari?

Kongwe_wa_Gitaa
Mpemba, Queen naiheshimu sana, ila ikiingia ya nne sitaamua kabisa. Bado natazama Zeppelin. Hakuna aliyeisemea?

Dada_wa_Mwanza
Naisemea mimi. Sababu ni moja: drams za When the Levee Breaks. Mpiga drams wao John Bonham aliwekwa chini kwenye ukumbi wa nyumba ya zamani, Headley Grange, maikrofoni mbili zikaning'inizwa juu kwenye ngazi. Unachosikia ni ile nyumba yenyewe inavuma. Simu haina uwezo wa kukupa hicho.

Ila nikuonye kuhusu usafiri. Nakala yangu niliagiza kwa muuzaji wa Dar, mtumba lakini safi, nilionyeshwa kwa video inavyong'aa. Ikapakiwa basi la usiku. Nilimwomba muuzaji aiandike juu kwa maandishi makubwa kwamba isilazwe karibu na injini wala isiwekewe mzigo juu, na akaandika kweli. Asubuhi nafika ofisi ya vifurushi, naambiwa gari limeharibika njiani, nirudi jioni. Jioni naambiwa kesho. Kesho yake napewa kifurushi kimekuwa laini kama chapati iliyotoka kwenye kikaango, juu yake kulikuwa na ndoo ya samli. Nafungua: santuri imepinda ukingoni, jalada limelowa mafuta, yule mzee wa kwenye picha ya jalada, mwenye mzigo wa kuni mgongoni, haonekani tena uso. Karani akaniuliza, "Si sahani tu hiyo?" Nikamweleza bei. Akaniambia nijaze fomu. Fomu nilijaza, na nilirudi pale tena na tena. Kila nikirudi kuna karani mpya asiyejua habari za fomu. Ile santuri bado ninayo. Upande B sindano inaruka mwanzo wote, inatulia karibu na mwisho. When the Levee Breaks ndiyo wa mwisho, kwa hiyo nausikia. Lakini machungu yale hayajaisha.

Kwa hiyo ndugu yako aibebe kwenye mkoba wa mkononi, asiitie kwenye begi la chini.

Kijana_wa_Blues
Huo wimbo si wao. Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi 1929, juu ya mafuriko makubwa ya Mississippi ya 1927. Zeppelin walichota sana kwa Wamarekani weusi.

Dada_wa_Mwanza
Jina la Memphis Minnie limeandikwa kwenye wimbo.

Kijana_wa_Blues
Limeandikwa la Minnie, lakini aliyeimba 1929 ni Kansas Joe, na yeye hayumo. Ndiyo maana nasema tuwataje.

Sindano_Kali
Bado nasubiri jibu la mashine.

Kongwe_wa_Gitaa
Samahani mkuu, ni ile ya sanduku, inafungwa kama mkoba, spika zimo humo humo. Binti yangu alinizawadia. Santuri itakuwa mpya.

Sindano_Kali
Hapo sasa tunaongea. Santuri inazunguka kwa kasi ile ile mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa ukingoni ni mrefu na wa karibu na kitovu ni mfupi, haufiki hata nusu. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi ndogo. Sindano nzuri inamudu. Sindano ya mashine nyingi za sanduku ni butu na inakandamiza, ikikaribia kitovu sauti za juu zinaanza kukwaruza.

Sasa tazama mpangilio. Stairway to Heaven ya Zeppelin inafunga upande A. The Great Gig in the Sky inafunga upande A. Bohemian Rhapsody iko karibu na mwisho wa upande B. Zote zinaangukia pabaya. Kwenye Machine Head, Smoke on the Water inafungua upande B, na Highway Star inafungua upande A. Tena Machine Head ni fupi, dakika 37 na ushei, wenzake wanapita 42. Kwa mashine yako, Deep Purple.

Otieno_Riff
Nilisema.

Baba_Neema_Moro
Yaani mtu achague albamu ya maisha yake kwa sababu ya sindano? Sindano inabadilishwa, mashine inabadilishwa. Chukua Dark Side, mashine utanunua baadaye.

Kijana_wa_Blues
Mnabishana Uingereza yote, na hapo Zambia miaka ile ile walikuwa wanapiga rock yao. Bendi za WITCH na Amanaz, na mwanamuziki Rikki Ililonga. Magitaa yanakwaruza, Kiingereza na Kibemba humo humo. Albamu ya Amanaz inaitwa Africa, ya 1975, imetolewa upya kwenye santuri. London ataipata.

Mpemba_Muscat
Hiyo sijapata kuisikia. Ina sauti za kupangwa au ni gitaa tupu?

Kijana_wa_Blues
Anza na wimbo wa Khala My Friend, ni wa taratibu. Utaniambia.

Otieno_Riff
Kuna kibanda cha santuri Kenyatta Market hapa Nairobi, wiki hii naenda kuuliza kama wanayo Amanaz. Nani mwingine anataka niulizie?

Dada_wa_Mwanza
Mimi. Lakini usiitume kwa basi.

Kongwe_wa_Gitaa
Wakuu, nimemwambia ndugu aulize bei ya Machine Head na ya Dark Side, zote mbili. Sindano_Kali, sindano yangu hii naona inachomoka, ni kipande chekundu. Kuna nzuri zaidi inayoingia hapo hapo?

Sindano_Kali
Piga picha ya chini ya mkono, karibu kabisa, uiweke hapa.