Nakwenda jandoni karibu na Ruvuma: bima ya Uingereza itanikana?

Mjomba wa Korosho
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya bima, iwe za nyumbani au za huku Uingereza ninakoishi.

Desemba mpwa wangu anatoka jandoni. Kijiji chetu kiko upande wa Kitaya, mkoani Mtwara, na ukisimama nyuma ya nyumba ya bibi unaliona bonde la Ruvuma. Kwetu Wamakonde mjomba hatumi salamu kwenye shughuli kama hii, anafika mwenyewe. Kwa hiyo kutokwenda hakupo. Tutatua Dar, nichukue gari la kaka, niendeshe mwenyewe na mke na watoto mpaka kijijini.

Sasa nimesoma ukurasa wa ushauri wa safari wa FCDO, wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Wanasema usiende, isipokuwa kwa safari ya lazima, ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Tanzania na jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Kijiji kizima kimo humo. Na bima yangu ya safari ina kifungu kwamba hailipi ukienda mahali wizara hiyo imeshauri watu wasiende.

Gari la kaka lina bima kubwa, ile inayolipa hata gari lenyewe. Je, nayo inafuata tangazo la Waingereza? Mimi nina pasipoti ya Tanzania, huku nina kibali cha kuishi tu. Kile kifungu kinanihusu kweli? Halafu nina binamu zangu Mueda, ng'ambo Msumbiji, wanataka nivuke Daraja la Umoja pale mto Ruvuma na gari nikawasalimie. Hapo ndipo naogopa zaidi.

Kobe Mzee
Yaani unakwenda kwa bibi yako unaomba ruhusa London? Watu wanaokota korosho huko kila siku. Washa gari nenda.

Mjomba wa Korosho
Ruhusa siombi mkuu. Nauliza bili atalipa nani mtoto akivunjika mguu.

Wakala wa Ilala
Nianze na gari, ndiyo kazi yangu. Bima ya gari la kaka yako ni mkataba kati yake na kampuni ya Tanzania, chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka ya bima ya hapa nchini. Sijawahi kuona mkataba wa gari wa hapa nchini wenye neno hata moja kuhusu ushauri wa serikali ya Uingereza. Ukigongana na bodaboda Kitaya, stika ni halali kama ungegongana naye Kariakoo.

Ila usishangilie mapema. Fungua mkataba wenyewe, maana stika haikuelezi kitu, usome yasiyolipwa. Utakuta vita, uvamizi, uasi, na mara nyingi ugaidi. Maana yake ni kwamba hatari hasa inayowafanya Waingereza waandike lile onyo, bima kubwa ya kawaida haiilipi hata kama hujawahi kukanyaga Ulaya. Kuna bima ya ugaidi na machafuko ya kisiasa inayouzwa peke yake, hununuliwa zaidi na makampuni. Kwa gari moja la familia sidhani kama utaihitaji, lakini ujue haimo.

Mengine ya kumuuliza kaka leo leo: mafuriko yamo au hayamo? Barabara ya kusini unaijua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika pale Somanga na magari yakabaki yamepanga foleni pande zote mbili. Pia uliza kama dereva asiye mwenye gari anaruhusiwa, na kama leseni ya Uingereza wanaikubali. Kampuni ijibu kwa maandishi. Ajali ikitokea, karatasi ya kwanza watakayotaka ni leseni ya aliyekuwa kwenye usukani.

Na hakikisha hiyo "bima kubwa" ni kubwa kweli. Wengi wanasema hivyo kumbe wamelipa ile ya 118,000, ambayo ni ndogo, inayolipa watu wengine tu. Bima kubwa kwa gari binafsi huwa kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT.

Mama Wawili Leicester
Kaka, pole na maandalizi. Nijibu upande wa huku.

Pasipoti haikusaidii. Kile kifungu si sheria ya uraia, ni sharti la mkataba ulionunua. Awe Mtanzania, awe Mpolandi, akinunua bima hiyo amekubali kwamba kipimo ni ushauri wa FCDO. Pasipoti inahusika kwa jambo jingine: ukipata matatizo, ubalozi wa Uingereza unasaidia raia wake. Wewe uko nyumbani kwako, ubalozi utakuelekeza kwa serikali yako.

Kisha angalia rangi. Ushauri wao una ngazi mbili. Nyekundu ni "usiende kabisa", rangi ya chungwa ni "usiende ila kwa lazima". Upande wa Mtwara ni chungwa. Na wizara yenyewe inasema nani anaamua kama safari ni ya lazima: ni wewe msafiri, na inakubali kwamba mambo ya familia yanaweza kuwa sababu. Hapo mtu anafurahi, anasema jando la mpwa wangu ni lazima, yamekwisha. Hayajaisha! Kampuni ya bima haifungwi na lazima yako. Nyingine zinachukulia rangi zote mbili sawasawa. Nyingine zinakubali ya chungwa ukiwaeleza sababu kabla ya kuondoka. Waandikie barua pepe, utaje tarehe, kijiji, sababu na kwamba utaendesha gari. Jibu la simu halina maana, yule kijana wa simu utamtafuta wapi baadaye?

Soma pia kifungu kimeandikwaje. Kuna kinachosema hakilipi madai yanayotokea *ukiwa ndani* ya eneo hilo. Kuna kinachosema hakilipi chochote *ukisafiri kwenda* nchi au eneo hilo. Cha kwanza kinakuachia Dar, Kilwa, Lindi na Mtwara mjini, unakosa zile siku za kijijini tu. Cha pili wanaweza kukisoma kwamba safari nzima haina bima tangu Heathrow. Wengi hawaoni tofauti hiyo mpaka siku ya kudai.

Sungura Mjanja
Mnamzungusha bure. Kuna ile bima ya wageni ya dola 44 ya serikali. Anunue hiyo.

Mama Wawili Leicester
Hiyo ni ya Zanzibar, ilianza 1 Oktoba 2024, kwa wageni wanaoingia kule visiwani. Huyu anakwenda Kitaya.

Dereva wa Kusini
Mjomba, mimi barabara hizi ndiyo mkate wangu. Nikwambie tusivyopenda kusema.

Anayesema hakuna kitu huko hasemi kweli yote. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa na wapiganaji waliotoka ng'ambo ya mto, Msumbiji, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Waliokuwepo hawajasahau. Leo vyombo vya usalama vipo, utasimamishwa vizuizini, toa kitambulisho, salimia, sema kijiji na jina la mwenyeji wako. Mimi nisingeogopa kumpeleka mama yangu. Ila waliochora ule mstari hawakuota.

Kitakachokuumiza si hao, ni barabara. Ukitoka Dar usiku, ukapita Kibiti, Somanga, Nangurukuru, kuna malori yameegeshwa bila taa wala pembetatu, ng'ombe wanavuka, na usingizi. Lala Lindi. Ukiingia vijijini mvua zisipokuwa zimeanza vizuri, barabara ya vumbi inapitika. Zikianza, Rav4 utaisukuma.

Msumbiji achana nayo. Kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya pamoja ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika inayotupeleka Zambia, Malawi, Rwanda na Kongo haifanyi kazi Msumbiji, wao hawamo. Bima ya kulipa watu wengine utainunua ukivuka, na itawalipa wengine kweli. Gari la kaka je? Mkataba wake unaishia kwenye mpaka uliotajwa ndani yake. Ukilipindua ng'ambo, umelinunua.

Wakala wa Ilala
Dereva kasema kweli. Niongeze: kadi ya njano Tanzania tunaitumia ingawa tulijitoa COMESA mwaka 2000, ndiyo maana watu wanadhani Msumbiji nayo itakuwa humo kwa vile ni jirani. Na hata inapofanya kazi, hailipi gari lako mwenyewe. Inalipa uliowagonga, na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Kaka akitaka gari lake lilindwe nje ya nchi, anaomba kampuni iongeze nchi hiyo kwa maandishi. Kwa Cabo Delgado ya sasa, kampuni ikikubali nitashangaa.

Mwanasheria wa Jikoni
Nimesoma kidogo sheria ya bima ya Uingereza ya 2015. Kifungu cha 11 kinasema kampuni haiwezi kukataa kulipa kwa sababu umevunja sharti ambalo halikuweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Onyo ni la magaidi. Mtoto akianguka kwenye mkorosho akavunjika mguu, gaidi anaingiaje? Walipe.

Mama Wawili Leicester
Hoja nzuri, lakini usimjengee mtu nyumba juu yake. Kifungu hicho hakigusi sharti linaloeleza bima yenyewe ni ya nini, na kampuni itasema mipaka ya eneo ni sehemu ya maelezo hayo, sawa na bima ya Ulaya isivyolipa ajali ya Brazil. Unaweza kupeleka malalamiko kwa Financial Ombudsman, msuluhishi wa migogoro ya fedha na bima wa huku, bila kulipa. Kampuni inapewa wiki 8 ikujibu kwanza, na ukipata jibu la mwisho una miezi 6 ya kupeleka shauri. Wao huangalia pia kama uamuzi ni wa haki. Lakini muda wote huo hospitali inataka hela yake. Mimi nisingesafiri na watoto kwa kutegemea kushinda kesi.

Mwanasheria wa Jikoni
Sikusema asafiri kwa hiyo. Nimesema asikate tamaa akikataliwa.

Mama Wawili Leicester
Hapo tuko pamoja.

Mjomba wa Korosho
Aisee nashukuru sana. Swali la kijinga: kilomita 20 zinahesabiwa kwa barabara au kwa ramani? Maana kwa barabara kutoka mtoni mpaka tutakapolala ni mbali, inazunguka.

Mama Wawili Leicester
Swali zuri. Ni umbali kutoka mpakani, kwa hiyo pima kwa mstari ulionyooka, na mpaka ni mto, si kizuizi cha barabarani. Mtwara mjini iko nje. Jamani, na hili mlikumbuke: ukiumia ndani ya eneo kisha ukatibiwa Mtwara mjini kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, tukio limetokea ndani. Wataangalia ulipoumia.

Dereva wa Kusini
Basi lala mjini, nenda shughulini asubuhi.

Mjomba wa Korosho
Mjomba alale hotelini mjini? Bibi atanitoa kwenye ukoo.

Kobe Mzee
Hapo umesema. Hata mimi nisingelala mjini.

Mjomba wa Korosho
Wakuu narudi na majibu. Niliandika kwa kampuni kama dada wa Leicester alivyoshauri. Wamejibu kwa maandishi: safari iliyobaki inalindwa kama kawaida, ndani ya zile kilomita 20 hawalipi chochote, iwe malaria, ajali ya gari au kuumwa na nyoka, na sababu ya familia haibadilishi kitu. Kumbe kifungu chao ni kile cha "ukiwa ndani".

Nimepata kampuni nyingine huku inayouza bima mahususi kwa sehemu zenye onyo. Ni ghali, lakini wanaruhusu kulipia siku chache tu, na kuhamisha mgonjwa kwa ndege kumo. Nitainunua kwa siku za kijijini, ile ya zamani ibaki kwa safari nyingine yote. Wameniuliza kama nitaendesha mwenyewe na leseni gani, nikawajibu vilevile.

Kaka naye kafungua mkataba. Bima ni kubwa kweli, ila mafuriko hayamo, na kampuni inataka jina langu na nakala ya leseni kabla ya mimi kushika usukani. Analishughulikia.

Msumbiji sivuki. Nilitaka binamu waje Mtambaswala upande wetu wa daraja, nikaangalia ramani, napo ni mpakani, tatizo la bima ni lilelile. Tumekubaliana tukutane Masasi, wao waje kwa basi.

Wakala wa Ilala
Safi. Mwambie kaka aongeze mafuriko sasa hivi. Mvua zikishaanza kutangazwa atakuta kampuni hazitaki. Na nyongeza ikitoka, akutumie nakala yenye jina lako, uichapishe. Trafiki anaiona stika kwenye simu yake, lakini mkadiriaji hasara siku ya ajali atataka ile karatasi.

Dereva wa Kusini
Na pembetatu mbili, mjomba. Si moja.