Mtoto wa la kwanza nimfungie nini cha saa nne zaidi ya biskuti na juisi ya boksi?

MamaNasra_Mbagala
Habarini wapendwa, naombeni mawazo. Binti yangu ana miaka 6 kaanza la kwanza mwaka huu, shule yao chakula cha mchana wanapewa ila chai ya saa nne kila mtoto anakuja na yake. Basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa hizo mtoto hali kitu anakunywa chai vidomo viwili basi, kwahiyo hiyo ya saa nne ndo kama chai yake ya asubuhi. Namwekea biskuti na juisi ya boksi sababu ndo vinabebeka, lakini mwalimu anasema ikifika saa tano anasinzia, na akirudi nyumbani ana njaa ya ajabu. Nikimfungia vya nyumbani anarudi navyo, anasema wenzake wana kripsi. Nataka kitu kisichozidi buku kwa siku, kisichohitaji nikae jikoni saa kumi usiku. Na mayai je, nikichemsha usiku nikamfungia asubuhi yatafika salama na hili joto la Dar?

Mpishi wa Tanga
Pole mama Nasra, hiyo ya saa kumi na moja inatutesa wengi. Mimi wangu wawili nawafungia vitu vya sokoni tu na wanakula. Mkate vipande viwili na siagi ya karanga na ndizi mbivu moja, hapo mtoto kashiba. Siku nyingine mihogo au viazi vitamu, navichemsha jioni wakati napika chakula cha usiku, vikipoa naweka kwenye friji, asubuhi natia kontena na chumvi kidogo, ukipata viazi lishe vile vya rangi ya chungwa chukua hivyo maana vina vitamini A nyingi na watoto wanapenda rangi yake. Bisi nazo nzuri sana, mahindi ya bisi ya mia tano unapika sufuria zima, usimwagie sukari tu, weka chumvi kidogo. Huyo anayelilia kripsi mpe bisi atatulia, anachotaka ni kile kitu kinacholia krach krach mdomoni.

Lishe_Moro
Mama Nasra, nianze na mayai: usiyafunge. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na kwenye joto kali kisizidi lisaa limoja, sasa kutoka saa kumi na moja na nusu mpaka saa nne ni zaidi ya masaa manne ndani ya begi. Mayai, soseji, nyama, maziwa, vyote hivo mpe nyumbani jioni. Hata hiyo mihogo na viazi vya Mpishi wa Tanga, vinataka ubaridi njiani. Mbinu ni hii, jaza maji kwenye chupa ndogo ya plastiki isijae kabisa, igandishe usiku kucha, asubuhi ilaze ubavuni mwa kontena ndani ya kimfuko kimoja, chakula kinakaa na ubaridi na ikifika saa nne ana maji baridi ya kunywa.

Kuhusu kusinzia, mwangalie jana usiku kalala saa ngapi maana anayeamka saa kumi na nusu lazima alale mapema sana, ila na hiyo biskuti na juisi inachangia. Geuza boksi usome nyuma. Juisi nyingi za boksi ni maji, sukari na ladha ya tunda, sukari ni kama gramu 10 mpaka 12 kwa kila mililita 100, boksi la mililita 250 lina gramu 25 na kuendelea. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto wa miaka 2 hadi 18 sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku nzima, yani vijiko 6 vya chai. Kamaliza ya siku kwa boksi moja, biskuti hujahesabu na chai ya asubuhi hujahesabu. Na nembo ya TBS pale inakuambia bidhaa imetimiza viwango, haikuambii sukari ni kidogo. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, ukiona sukari iko ya kwanza au ya pili rudisha dukani.

Ukiwa na themosi ndogo ya mtoto nzuri, uji nao ni jibu. Mimina ukiwa wa moto kabisa, suuza themosi kwanza kwa maji yanayochemka. Unga usiwe wa kuchanganya nafaka kumi, mahindi au ulezi na karanga za kusaga inatosha. Kama unaweka soya lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza kabla ya kusaga, mbichi inazuia protini isisagike vizuri tumboni.

BabaWawili
Jamani si umpe mia tano akanunue getini kama sisi tulivyosoma? Mtoto akibanwa sana atakua na tamaa ya vitu vya watu.

Mwl. wa Awali
@BabaWawili nakuelewa ila mimi niko pale getini kila siku naona. Mtoto wa miaka 6 akiwa na mia tano hanunui muhogo, ananunua ubuyu wa rangi nyekundu, ulimi unakua kama damu, au barafu ya kifuko ambayo maji yake hujui yametoka wapi. Ubuyu wenyewe ni mzuri una vitamini C, tatizo ni ile sukari na rangi wanayoupaka.

Mama Nasra, mtoto kurudi na chakula mara nyingi si kwamba hakipendi. Brek ni fupi, kwenda chooni, kunawa, kupanga mstari, dakika za kula zinabaki chache. Naona makontena magumu mtoto anahangaika nayo na anaona aibu kuniita. Kabla hujamfungia mwache afungue na kufunga mwenyewe nyumbani mpaka azoee. Chungwa lisilomenywa litarudi hivo hivo, limenye ulikate nusu, embe kata vipande, ndizi acha na ganda lake. Weka kidogo anachoweza kumaliza. Na mshirikishe, jioni muulize kesho ndizi au embe, akichagua yeye anakula, naliona hili darasani mtoto anafungua kontena anawaambia wenzake "hii nimechagua mimi".

Tafadhali pia ulizeni shule kama kuna mtoto mwenye mzio wa karanga, watoto wanagawana sana.

Mkisauni
Mie niko Mombasa, wangu humtilia tende tatu nne na vipande vya nazi, tende haziharibiki upesi wala haziitaji friji. Tende zitoe kokwa kwanza, na jioni apige mswaki vizuri maana zanata menoni. Siku ya Ijumaa namtilia mahamri mawili, simnyimi, lakini juisi nimekata kabisa, maji tu. Siku za mwanzo alinuna, sasa yuwaitisha maji mwenyewe.

MamaNasra_Mbagala
Asanteni sana, mayai nimeacha na kontena nimemjaribisha leo, kweli lilikua linamshinda kufungua! Swali moja, karanga nanunua za kupima sokoni, ziko salama? Na nina mdogo wake wa miaka 2 anataka kila anachokula dada.

Lishe_Moro
Huyo mdogo asipewe karanga nzima wala bisi, anaweza kupaliwa, mpe ya kusaga iliyopakwa nyembamba kwenye mkate. Za sokoni nunua ambazo hazijakaangwa uzichague mwenyewe kwenye ungo, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au chungu tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haitoki yote kwa kukaanga, na si jambo la kupuuza, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Ukishazichagua zikaange, zipoe kabisa, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Nunua kidogo kidogo za wiki moja, sasa hivi kuna unyevu usilimbikize.