Msaada: mgombea udiwani anaweza kujitoa kampeni zikiwa zimeanza?

Mpambanaji_Kata
Habari zenu wakuu. Nagombea udiwani kupitia chama kimoja cha upinzani, sitakitaja. Tuko watatu, tuliteuliwa 27 Agosti, na mikutano nimeshaanza. Sasa nimepata changamoto za kifamilia, nataka kujitoa. Barua naiandikia Tume au chama? Na jina langu litaondolewa kwenye karatasi ya kura? Nijibuni haraka, usingizi sipati.

Mzee wa Stendi
Siasa achana nazo kijana. Mimi 2010 niliuza kiwanja nigombee, nikapigwa chini kwenye kura za maoni tu. Leo kina ghorofa. Nikipita pale na daladala nageukia dirisha la upande wa pili.

Kandambili
Kaulizwa barua, kajibu kiwanja 😂

Wakili wa Kijiweni
Umechelewa mkuu. Kujitoa ni kwa maandishi, umesaini mwenyewe, na unayapeleka kwa msimamizi kabla ya saa kumi jioni ya siku ileile ya uteuzi. Ikishapita hapo tangaza hata kwa tarumbeta, jina linabaki. 2020 viongozi wa ACT-Wazalendo walimuunga mkono Lissu wa CHADEMA, jina la mgombea wao wa urais, Membe, likabaki kwenye karatasi, akapata kura zaidi ya 80,000. Kenya 2017 Raila alijitoa uchaguzi wa marudio, na bado zaidi ya 70,000 wakamtafuta kwenye karatasi wakampigia. Ila mkuu, changamoto gani hiyo ya kifamilia inayosubiri kampeni zianze?

Mpambanaji_Kata
Ni mambo binafsi.

Mama Vitenge
Mambo binafsi ya wagombea tunayajua. Kwetu mmoja "aliugua" ghafla, kesho yake bodaboda mbili mpya zimepaki uani. Sema tukusaidie baba.

Mpambanaji_Kata
Basi niseme. Mwenzangu wa chama kingine alikuja usiku na wazee wa mtaa, akaniachia milioni mbili na nusu. Lakini mnielewe, hiyo siyo rushwa, nimefidiwa gharama: fulana, mafuta, kukodi spika. Chama hakijanipa hata mia. Ada ya binti nimeshalipa, siwezi kuirudisha. Na tuko wawili tu, angeshinda vyovyote vile.

Kandambili
Kumbe familia ni ada 😂😂

Wakili wa Kijiweni
Ni rushwa hata ukiivalisha fulana. TAKUKURU hawatakuuliza risiti ya spika. Na mwenzako kaingia mjini vibaya, kadhani ukitoka anapita bila kupingwa. Sheria ya 2024 imelifuta hilo, mgombea akibaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

Mama Vitenge
Afadhali. Wapite kwenye hapana zetu kwanza.

Mwanaludewa
Kinachosimamisha uchaguzi ni kifo. 2015 kwetu mgombea ubunge Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta siku kumi kabla ya kura, uchaguzi wa mbunge ukaahirishwa. Sheria inamsubiri marehemu, aliyebadili mawazo haina habari naye.

Kandambili
Mkuu usije ukaufanyia kazi huo ushauri.

Jicho la Mwewe
Hii chai. Mwanzo mko watatu, sasa wawili. Na mgombea gani anayeanika rushwa yake humu na namba ya simu kasajilia?

Mpambanaji_Kata
Wa tatu aliwekewa pingamizi, akaenguliwa. Siyo chai.

Jicho la Mwewe
Wewe hukupokea, wewe ndiye uliyetoa. Umepeleka hela usiku, jamaa bado anapiga mikutano, umekuja kutupima kama umeliwa.

Mama Vitenge
Ehee! Ndiyo maana swali la kwanza ni jina kuondolewa.

Mpambanaji_Kata
Jamani mimi ndiye mgombea. Ila kwa faida ya wengine, kama jina halitoki, aliyetoa hela anaweza kudai arudishiwe?

Kandambili
Akadai wapi, polisi? 😂