Tiketi iliyozimika pamoja na simu baada ya matembezi ya Rathen

Kutoka Leipzig
Ndugu zangu, salaam. Jumamosi nilipanda S1, treni ya abiria ya mkoa, kutoka Dresden hadi kituo cha Kurort Rathen, nikavuka mto Elbe kwa kile kivuko kisicho na injini, kinachoning'inizwa kwenye waya na kusukumwa na mkondo wenyewe, kisha nikapanda hadi daraja la mawe la Bastei, lililojengwa mwaka 1851. Nilipiga picha mpaka simu ikazimika. Usiku, katika treni nyingine ya kunifikisha nyumbani, mkaguzi alinikuta nimeshika kioo cheusi ti, Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa ya Ujerumani nzima, ikiwa humo ndani, akaniandikia faini ya euro 60. Leo ofisi ya kampuni ya treni imejibu kwamba picha ya skrini niliyowatumia haikubaliki. Niwapelekee nini hasa?

Kutoka Dresden
Pole sana, dada. Hata hivyo, kuanzia Rathen ni kujitesa, kwa kuwa unakutana na mpando mkali miguu haijapata moto. Sisi hushukia Stadt Wehlen, tukapita msituni hadi Bastei, na kumalizia Rathen kwa mteremko.

Kutoka Chemnitz
Kaka, dada hakuuliza njia. Tiketi yenye jina lako ikithibitishwa ndani ya siku 7, faini hushuka hadi euro 7, na hiyo ni sheria, si hisani. Mimi nililipa zote 60, kwani kwa uchovu niliingia EC, treni ya masafa marefu, ya Prague pale Bad Schandau, na tiketi yetu haifai humo. Someni aina ya treni ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda.

Kutoka München
Wanangu, reli ya Usambara Wajerumani hawa hawa waliianzia Tanga mwaka 1893. Utotoni nilikuwa nikishuka Mombo na kukwea kwa miguu kuelekea Soni, huku baridi ikianza kuuma masikio kabla hatujafika, na tiketi yangu ilikuwa kikaratasi kigumu kilichotobolewa na mkaguzi, ambacho hakikuhitaji chaji.

Kutoka Leipzig
Shikamoo mzee, umenitamanisha Mombo. Kaka, safari ijayo nitashukia Wehlen. Ila siku zangu 7 zinakwisha keshokutwa, picha ya skrini wameikataa, na bado sijui niwapelekee nini.