Mmeitangaza rfcomm kuwa imepitwa na wakati, sasa poti ya siriali ya Bluetooth kwenye Linux tuipate wapi?

Wakuu wa BlueZ, mnaotengeneza programu ya Bluetooth ya Linux, nimekasirika na sitaki kuzunguka. rfcomm ni amri yenu inayokifanya kifaa cha Bluetooth kionekane kama poti ya siriali.

Kazi yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kuna moduli ya Bluetooth ya HC-05 kwenye saketi, inatuma vipimo, nataka kuvisoma kwenye Linux kama ninavyosoma poti yoyote ya siriali. Naingia bluetoothctl, amri ya kusimamia Bluetooth, scan on, anwani inatokea. Nagonga pair, inaomba PIN, naweka 1234, inakubali. Trust, sawa. Nagonga connect, narudishiwa hii: Failed to connect: org.bluez.Error.NotAvailable. Basi. Nini hakipo? Kipo wapi? Kimya.

Na kumbe hakuna kilichoharibika! Moduli inatangaza huduma ya siriali tu, SPP, ile yenye UUID (namba ya utambulisho) inayoanza na 00001101. Kibodi na kipanya bluetoothd, huduma ya Bluetooth inayofanya kazi chinichini, inavijua, lakini siriali haina wa kuipokea mpaka programu nyingine ijisajili kwake kupitia D-Bus, njia ya programu kuwasiliana. Hilo lingeandikwa kwenye ujumbe wa hitilafu kwa sentensi moja, watu wasingekesha wakifuta na kuoanisha upya kifaa kizima kabisa.

Njia inayofanya kazi ni ile ya zamani: sudo rfcomm bind 0, anwani, kisha namba ya chaneli, mara nyingi 1. Inazaliwa /dev/rfcomm0, unaifungua kwa minicom, programu ya kusoma poti za siriali, data inamwagika. Mtumiaji awe kwenye kundi la dialout, au uucp kwa baadhi ya distro (matoleo ya Linux), mchezo umekwisha.

Sasa hiyo rfcomm ndiyo iliyowekwa kapu moja na amri nyingine za Bluetooth, hcitool, hciconfig na sdptool, mwaka 2017, kwenye BlueZ 5.44, zote zikaitwa zimepitwa na wakati. Haijengwi mpaka anayejenga kifurushi aweke --enable-deprecated. Distro nyingine bado zinaiweka, nyingine unaitafuta kwenye kifurushi cha pembeni. Hcitool nakubali, bluetoothctl na btmgmt zinabeba kazi zake nyingi. Ya rfcomm imebebwa na nani? Hakuna! Hata faili ya rfcomm.conf iliyokuwa inafunga poti kompyuta inapowaka iliondolewa, kila mtu ajiandikie huduma yake ya systemd.

Ukitaka kompyuta ndiyo ipokee muunganisho, ndiyo balaa zaidi. Unaandika sdptool add SP, inajibu imeshindwa kufika kwenye seva ya SDP, yenye orodha ya huduma za Bluetooth za kompyuta, No such file or directory. Dawa yake ni kuhariri huduma ya bluetooth, kuongeza --compat kwenye mstari wa ExecStart, kisha kuhangaika na ruhusa za /var/run/sdp. Mgeni atajuaje hayo kwa kusoma ujumbe ule?

Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia "tumia soketi ya Python". Najua AF_BLUETOOTH na BTPROTO_RFCOMM zinafungua chaneli moja kwa moja bila hiyo rfcomm, na kwa kodi yako mwenyewe ni njia nzuri. Lakini minicom haitaki soketi, inataka njia ya kifaa ndani ya /dev, na programu za namna hiyo zimejaa tele. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, wanayo rfcomm_sppd ndani ya mfumo wenyewe, PIN inakaa kwenye hcsecd.conf, na imeelezwa kwenye mwongozo wao. Kwa hiyo inawezekana.

Kerneli bado inaiunga mkono RFCOMM, kinachokosekana ni mlango. Wekeni amri ya siriali ndani ya bluetoothctl, na hadi siku hiyo, wenye distro msiitoe rfcomm kwenye kifurushi kikuu. Mwenye distro iliyoitoa aitaje hapa chini pamoja na toleo lake, tuwafungulie tiketi leo hii.