Ushauri: Loughrigg, Silver How na Helm Crag kwa siku moja, mwishoni mwa Novemba

Mshambaa_Manchester
Habari zenu wakuu. Jumamosi ya mwisho ya Novemba shemeji yangu atakuwa amefika kutoka Tanga, na nimemwahidi siku ya kutembea vilima vya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Milima mikubwa kama Scafell Pike siitaki kwa safari hii. Nataka vilima vidogo tuviunganishe: tuache gari mji wa Ambleside, tupande Loughrigg Fell (mita 335), tushukie barabara ya Red Bank, tupande Silver How (mita 395), tuteremke kijiji cha Grasmere, tumalizie Helm Crag (mita 405), kisha turudi kwa basi. Tuko watu wazima watatu na binti yangu wa miaka 11, mwepesi sana wa miguu. Sisi wakubwa tumekulia Lushoto, kwa hiyo kupanda si shida. Je, vilima vitatu vinawezekana majira hayo? Na tuvae nini?

Kaka Mkubwa wa Preston
Mkuu, miguu mnayo, mwanga hamna. Mwishoni mwa Novemba huko jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunabeba kichwani jua la saa kumi na mbili hata baada ya miaka mingi Ulaya, na hapo ndipo mpango unapoharibika.

Piga hesabu ya Naismith, yule Mskoti wa 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ambleside hadi Grasmere kupitia Loughrigg na Silver How ni kama kilomita 10, na kupanda kwake, ukijumlisha na mabonde ya katikati, kunakaribia mita 600. Hiyo ni saa tatu bila kusimama. Weka chakula, picha, tope na mtoto, inakuwa tano. Mkianza saa tatu na nusu mnafika Grasmere saa nane na nusu. Helm Crag mtaishukia gizani, na kule juu ni miamba. Iacheni.

Dada wa Kisauni
Naongezea kuhusu Loughrigg, maana watu huidharau kwa sababu ni fupi. Juu hakuna kilele kimoja. Kuna vijilima vingi vinavyofanana, vidimbwi katikati, na vijia vinavyokatizana kila upande. Siku ya jua ni raha tupu, utaona ziwa Windermere upande mmoja na ziwa Grasmere upande mwingine. Ukungu ukishuka, hata mwenyeji anazunguka. Beba ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) ya kipimo cha 1:25,000 na dira, na mjifunze kuitumia kabla ya siku hiyo. Simu peke yake haitoshi, baridi inakula betri haraka.

Mavazi: msivae jinzi, tafadhali. Pamba ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Vaeni nguo za ndani zisizo za pamba, sweta la sufu, koti la mvua na suruali ya mvua, kofia, glavu jozi mbili kila mtu. Buti ziwe na meno mazuri, maana magugu yaliyokauka na mawe yaliyolowa yanateleza vibaya sana. Na tochi ya kichwani kwa kila mtu, mtoto naye awe na yake.

Bin Makunduchi
Assalaam alaykum. Kama mnasali, pangeni mapema. Tarehe hizo adhuhuri inaingia mara tu baada ya saa sita, alasiri kabla ya saa nane, magharibi karibu saa kumi. Adhuhuri salini Red Bank kabla ya kuanza kupanda tena, kuna miti inayokata upepo. Mimi hubeba maji ya udhu kwenye chupa ya chai, ya uvuguvugu. Mikono inakushukuru.

Mkikuyu wa Lancaster
Hapo Red Bank pia ndipo pa kufanya uamuzi. Ni barabara, na inateremka moja kwa moja hadi Grasmere. Mkifika hapo imepita saa saba, au binti amechoka, shukeni tu kijijini. Filimbi ni lazima: mipulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Kwa simu ni 999, uliza polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani.

Kwa maoni yangu lakini, kama ni kilima kimoja cha kuacha, ningeacha Silver How na kubaki na Helm Crag. Mtoto atapenda ile miamba ya juu wanayoiita Simba na Mwanakondoo.

Kaka Mkubwa wa Preston
Hapana ndugu yangu. Helm Crag inawalazimu kushuka bondeni kabisa na kuanza kupanda upya mchana ukiwa umekwenda. Silver How inaungana na Loughrigg kwa mgongo mzuri.

Mshambaa_Manchester
Nawashukuru sana. Nimeamua: Loughrigg na Silver How, tunaanza saa tatu, na Red Bank tunaangalia saa kabla ya lolote. Helm Crag itamsubiri binti hadi Mei. Swali la mwisho: basi la kurudi Ambleside lipo jioni?

Dada wa Kisauni
Lipo, namba 555, linapita Grasmere likielekea Ambleside na Windermere. Tazama ratiba ya majira ya baridi usiku wa kuamkia safari, usitumie ile ya kiangazi.