Ardhi au NIT kwa anayetaka kupanga usafiri wa mji? Niko Tanga

Mwana_Makorora: Habari zenu wakuu. Nimechaguliwa vyuo viwili: mipangomiji Chuo Kikuu Ardhi na usafirishaji NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji). Natakiwa kuthibitisha kimoja wiki hii. Nataka siku moja niwe kwenye kikao kinachoamua barabara ipite wapi na kituo kikae wapi. Kipi bora?

KangeStendi: Bora kwa nani? Hujasema tahasusi, hujasema diploma au shahada, wala nani analipa ada.

Fundi_Spoku: NIT, mdogo wangu. Wapo tangu 1975. Mpangaji asiyejua daladala inalipaje atachora kituo ambacho hakuna gari litasimama.

BintiRaskazone: Ardhi. Nilifanya fildi kwenye halmashauri moja, siitaji. Mtaa uliwekwa lami safi, mitaro ya wazi pande zote mbili. Vivuko vikajengwa penye mageti ya wenye magari tu. Ng'ambo kuna zahanati: wajawazito wanazunguka mtaa mzima, na mwenye kiti mwendo ndiyo basi tena. Wananchi wakatandika mbao, masika ikazibeba. Nilipouliza kikaoni nikajibiwa mchoro umeshapita, halafu wewe ni wa fildi. Ukitaka kusikilizwa uwepo mchoro ukiwa bado karatasi.

KangeStendi: Halmashauri? Barabara za mjini ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017. Mpangamiji naye anaomba tu.

BintiRaskazone: Najua, kikao kilikuwa cha pamoja. Mmoja ana ramani, mwingine ana bajeti, na hawasalimiani.

Fundi_Spoku: Ndiyo maana nasema ajifunze uendeshaji. Mwendokasi wa Dar ulianza 2016, 2018 ukapewa tuzo ya kimataifa. Nenda kituo cha Kimara saa moja asubuhi uone abiria wanavyogombea mlango. Njia ipo, mabasi je?

MzeeNgamiani: Mwendokasi wa nini? Tanga ni mji wa baiskeli. Ngamiani barabara zimenyooka, zina namba, ukipotea umetaka mwenyewe. Kijana akasome popote, arudi atutenganishe na bodaboda.

KangeStendi: Mzee wangu, baiskeli leo anapanda nani zaidi ya wauza samaki?

MzeeNgamiani: Wauza samaki, wanafunzi, mafundi, na mimi. Hao si watu?

Mwana_Makorora: Samahani nilikuwa kazini. Ni shahada, nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Mkopo bado haujatoka. Ardhi miaka minne, NIT mitatu, na baba anauangalia huo wa nne.

Fundi_Spoku: Ungeanza na hilo! NIT, mjadala umefungwa.

BintiRaskazone: Haujafungwa. Mdogo wangu, ulizia kwanza kazi unayoitaka inadai usajili wa bodi ipi. Mwaka mmoja wa ada usikuamulie maisha yote.

Fundi_Spoku: Rahisi kusema kama ada hulipi wewe.

KangeStendi: Tukiwa hapohapo, bajaji ya Kange hadi Raskazone siku hizi shilingi ngapi? Jana nimepigwa.

MzeeNgamiani: Inategemea umebeba nini. Usiku ni maelewano.